Samaki wa mtumbwi wa 31 wanatoka wapi? Hisabati kwa wanaosoma biashara na sayansi ya jamii

Kila Oktoba vijana wanafika Malimbe, Nyegezi na kwenye matawi ya vyuo yaliyotawanyika jijini Mwanza kusoma uhasibu, ugavi, sosholojia, mipango au utawala. Wengi wao wanaamini kwamba hisabati waliiaga siku ile walipokabidhi karatasi ya mwisho ya kidato cha nne. Waliopitia ECA, mchepuo wa uchumi, biashara na uhasibu wa kidato cha tano na sita, walikutana tena na hesabu kwa jina la BAM, yaani hisabati tumizi ya msingi, wakazisoma kama somo la pembeni, la kupita tu. Kisha ratiba ya muhula inabandikwa na hisabati imo. Wiki ya tatu mwalimu anaandika ubaoni kanuni ya kutafuta derivativu, yaani kasi ya badiliko: shusha kipeo, punguza moja. Darasa zima linanakili. Hakuna aliyeuliza ni tatizo gani la duniani lililofanya kanuni hiyo ihitajike.

Hapo ndipo tunapokosea. Mwanafunzi wa biashara anapewa jibu kabla ya swali, halafu tunashangaa akilisahau wiki moja baada ya mtihani. Sehemu kubwa ya hisabati ya mwaka wa kwanza inazunguka swali hili: nikiongeza kimoja zaidi, nini kitabadilika? Kuna swali jingine linalofanana nalo kwa sura: kwa wastani, kila kimoja kinatoa kiasi gani? Mengi yanayoonekana magumu kwenye somo hili yanatokana na kuyachanganya maswali hayo mawili, kwa hiyo nitayafuata kutoka soko la samaki la Mwaloni hadi katikati ya Ziwa Victoria.

Tuanze na mstari ulionyooka. Tuseme unanunua dagaa wakavu pale Mwaloni, Kirumba, na kuwapeleka Dodoma. Kukodi fuso ni shilingi 1,500,000, iwe imejaa au imebeba magunia kumi. Gunia unalinunua 150,000, ushuru na wabebaji wanakula 5,000, na Dodoma linauzwa 180,000. Kila gunia linakuachia 25,000. Gawanya kodi ya gari kwa 25,000, utapata 60. Gunia la 60 ndilo linalomaliza deni la fuso, na faida inaanzia gunia la 61.

Kwa maandishi ya kihisabati, faida ni 25,000 mara idadi ya magunia, toa 1,500,000. Ukiichora, 25,000 ni mteremko wa mstari, yaani kile ambacho gunia moja zaidi linakuletea. Ile 1,500,000 ni shimo ambalo unaanzia safari ukiwa ndani yake. Mama mwenye uzoefu wa dagaa anaijua hesabu hii bila kalamu. Kuiandika kunasaidia pale hali inapobadilika na unataka kujua mapema. Bei ya Dodoma ikishuka hadi 175,000, hiyo ni chini ya asilimia 3, na sikio la kawaida halishtuki. Lakini sasa gunia linakuachia 20,000 tu, na magunia ya kulipia gari yanapanda kutoka 60 hadi 75, ongezeko la asilimia 25. Mfanyabiashara mwenye faida nyembamba kwa kila gunia anaweza kuangushwa na mtikisiko wa bei ambao mwingine hauoni kabisa.

Sasa tuongeze jambo dogo. Umepakia magunia 100 na gari lina nafasi ya mengine 20. Mteja wa Dodoma, asiyehusiana na soko lako la kawaida, anapiga simu: atachukua hayo 20 kwa 165,000 kila moja. Ukubali?

Ukitumia wastani utakataa. Kwa magunia 120, kila gunia linabeba 12,500 ya kodi ya fuso, kwa hiyo limekugharimu 167,500. Kuuza kwa 165,000 kunaonekana hasara. Lakini fuso limeshakodiwa. Gunia la 101 halikuongezei hata senti ya kodi ya gari, linakugharimu 155,000 na kukuletea 165,000. Magunia 20 ni faida ya 200,000 ambayo wastani ungekufanya uitupe. Ninaweka sharti moja: wateja wako wa 180,000 wasijue wala wasidai bei hiyo hiyo. Wakidai, hesabu yote inabadilika.

Hiyo ndiyo gharama ya nyongeza, na ni wazo lile lile ambalo kalkulasi, hisabati ya mabadiliko, inalibeba kwenye mistari iliyopinda. Kwenye mstari ulionyooka huhitaji kanuni yoyote, maana mteremko ni uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukianza kupinda, kila hatua ina mteremko wake, na derivativu ni njia ya kuuliza mteremko ni kiasi gani hapa tuliposimama.

Ziwa linatupatia mfano bora kuliko yote ninayoijua.

Chukua ghuba moja yenye wavuvi. Namba nimezichagua ziwe nyepesi, lakini umbo la hadithi ni la kweli. Tuseme ziwa likishazoea idadi fulani ya mitumbwi, kila mtumbwi unapata kwa usiku kilo 120 toa mara mbili ya idadi ya mitumbwi yote. Mitumbwi ikiwa 10, kila mmoja unapata kilo 100. Ikiwa 20, kilo 80. Ikiwa 30, kilo 60. Sababu ya kutoa iko wazi kwa yeyote aliyewahi kukaa na wavuvi: samaki ni walewale, nyavu zimeongezeka, na samaki wanaovuliwa leo hawatazaliana kesho. Gharama za usiku, yaani petroli, barafu, chakula na ujira wa vijana, tuzihesabu kwa samaki ili tusihangaike na bei: kilo 40 kwa kila mtumbwi.

Sasa zidisha. Mitumbwi 10 inaleta ufukweni kilo 1,000. Mitumbwi 20 inaleta 1,600. Mitumbwi 30 inaleta 1,800. Mitumbwi 40, kila mmoja ukiwa na kilo 40, inaleta 1,600.

Rudia mstari huo ukihitaji. Mitumbwi 40 inaleta samaki walewale walioletwa na mitumbwi 20. Mbao ni mara mbili, injini mara mbili, petroli mara mbili, vijana wanaokesha juu ya maji mara mbili, na mzani wa mwalo unasoma namba ileile.

Kwa nini basi watu wafike 40? Hapa tunahitaji yale maswali mawili. Tuseme ghuba ina mitumbwi 30, na tajiri mmoja anafikiria kuingiza wa 31. Anauliza: nitapata nini? Mtumbwi wake utapata 120 toa 62, yaani kilo 58. Gharama ni 40. Zinabaki 18 kila usiku, biashara safi, anaingia. Lakini piga hesabu ya ghuba nzima: 31 mara 58 ni 1,798. Kabla hajaja ilikuwa 1,800. Mtumbwi wa 31 umeshusha kilo 58 ufukweni, na ghuba imepoteza mbili. Zile 58 zimetoka kwenye mitumbwi 30 ya wenzake, ambayo kila mmoja umepungukiwa kilo mbili bila kujua nani kazichukua. Hakuna aliyeiba wala aliyevunja sheria. Tajiri ametazama wastani, kwa kuwa wastani ndio unaomlipa.

Jumla ya samaki ni 120 mara idadi ya mitumbwi, toa mara mbili ya idadi hiyo ikizidishwa kwa yenyewe. Tumia sasa ile kanuni ya ubaoni na utapata 120 toa mara nne ya idadi. Hiyo ndiyo kasi ya jumla: mtumbwi mmoja zaidi unaiongezea ghuba kiasi gani. Inafika sifuri mitumbwi ikiwa 30, na ndiyo maana kilo 1,800 ni kilele cha mlima. (Mwanafunzi makini atasema: kutoka 30 kwenda 31 tumepoteza kilo mbili, na derivativu imesema sifuri. Ni kweli. Derivativu inasema mteremko wa pale pale uliposimama. Kwenye 30 ni sifuri, kwenye 31 ni hasi nne, na katikati yake ni hasi mbili.)

Weka fomula mbili pamoja. Wastani ni 120 toa mara mbili ya idadi. Nyongeza ni 120 toa mara nne ya idadi. Zinaanzia mahali pamoja, na ya pili inashuka kwa kasi mara mbili. Utakutana na jozi hiyohiyo kwenye uchumi, pale muuzaji pekee wa bidhaa anapokabili wanunuzi ambao bei ikipanda wanapungua: mstari wa bei na mstari wa mapato ya nyongeza. Wanafunzi hukariri mara mbili kitu ambacho ni kimoja.

Kila tajiri ataendelea kuingia mpaka wastani ushuke na kulingana na gharama: 120 toa mara mbili ya idadi iwe 40, na idadi ni 40. Hapo hakuna anayebaki na kitu. Ghuba kwa ujumla ingenufaika zaidi kama wangeacha pale ambapo nyongeza inalingana na gharama: 120 toa mara nne ya idadi iwe 40, na idadi ni 20. Faida ya ghuba yote ni kilo 800 kwa usiku. Kati ya 800 na sifuri, tofauti ni swali gani limeulizwa.

Mchumi wa Kanada, H. Scott Gordon, aliliweka jambo hili kwenye makala aliyoichapisha mwaka 1954, na mwaka huohuo mwanabiolojia wa Marekani Milner Schaefer alichapisha hesabu za namna samaki wanavyozaliana wakati wanavuliwa. Modeli inayotokana na kazi zao inaitwa ya Gordon na Schaefer hadi leo, na ni moja ya misingi ya uchumi wa uvuvi popote unapofundishwa.

Kwa mwanafunzi wa sera au sosholojia, utamu uko kwenye hatua inayofuata. Tuseme serikali inawahurumia wavuvi na kutoa ruzuku ya mafuta, gharama ya usiku inashuka kutoka kilo 40 hadi 20. Nia ni njema kabisa. Lakini mwalo uko wazi kwa yeyote mwenye mtumbwi, kwa hiyo watu wataendelea kuingia mpaka wastani uwe 20, yaani mitumbwi 50. Samaki wote sasa ni kilo 1,000, faida ni sifuri ileile, na sokoni samaki wamepungua. Geuza upande: gharama ikipanda hadi 60, mitumbwi inabaki 30 na ghuba inatoa kilo 1,800, kiwango chake cha juu kabisa. Mafuta yamekuwa ghali na samaki wameongezeka mezani. Ninaposema hisabati ni ya watu wa sayansi ya jamii, namaanisha hili. Huruma peke yake haikuonyeshi kwamba ruzuku itawaacha wavuvi palepale walipokuwa.

Modeli hii haisemi ufanye nini. Inaeleza kwa nini leseni, ukubwa wa matundu ya nyavu, marufuku ya kokoro, zile nyavu za kukokotwa, na vikundi vya usimamizi wa fukwe, vile watu wanavyoviita BMU, vina kazi ya kufanya. Elinor Ostrom, mwanasayansi ya siasa wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba jamii nyingi hujitungia kanuni zao za kutumia mali ya pamoja, na zikadumu. Modeli yenyewe ina mapengo unayopaswa kuyataja kwenye mtihani bila kuulizwa. Imeichukulia mitumbwi kuwa sawa, wakati wengine wana injini na wengine wanapiga kasia. Imesahau kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea kazi inasimama. Imeifunga ghuba, ilhali samaki wa Victoria hawajui mpaka wa Tanzania, Kenya na Uganda. Kila pengo kati ya hayo ni mada ya utafiti wa shahada ya kwanza.

Upande mwingine wa somo ni vitu vinavyojizidisha, na hapa tena wastani unapotosha. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,772,509 mkoani Mwanza, na ya 2022 ikahesabu 3,699,872. Ongezeko ni asilimia 33.4. Wengi hugawanya kwa 10 na kuandika kwamba mkoa ulikua kwa asilimia 3.34 kwa mwaka. Jaribu kuanzia 2012 na kuzidisha kwa 1.0334 mara kumi, utapata watu zaidi ya 150,000 ambao hawakuwepo. Walioongezeka mwaka wa kwanza nao wanazaa, wala hawasubiri muongo uishe. Kiwango sahihi ni asilimia 2.9, na njia ya kukipata ni mzizi wa kumi au logarithimu. Logarithimu zinageuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Hiyo ndiyo kazi yake yote hapa. Kwa kiwango hicho, kisipobadilika, mkoa unafika mara mbili kwa miaka 24. Anayepanga shule za Ilemela au maji ya Misungwi anahitaji namba hiyo kabla ya bajeti.

Riba ni hesabu hiyohiyo. Hata namba e, inayowatisha wengi kwa sababu inaonekana imedondoka kutoka hewani, ilijitokeza mwanahisabati wa Uswisi, Jacob Bernoulli, alipokuwa akichunguza riba mwaka 1683. Shilingi moja kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka inakuwa mbili. Riba ikihesabiwa mara mbili kwa mwaka, inakuwa 2.25. Kila mwezi, takribani 2.61. Kila siku, takribani 2.71. Haizidi 2.718 na ushee hata ukihesabu kila sekunde.

Hilo linagusa mfuko moja kwa moja. Mkopo wa 1,200,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Mkopeshaji wa kwanza anahesabu riba kwenye kiasi cha mwanzo mpaka mwisho: riba 288,000, rejesho 124,000 kila mwezi. Wa pili anahesabu kwenye deni lililobaki: rejesho karibu 113,500, riba yote takribani 161,700. Wote wawili wamesema asilimia 2. Wa kwanza anakutoza riba ya pesa ambayo umeshairudisha, na ukiipima kwa kipimo cha wa pili, riba yake ni karibu asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwanafunzi anayeweza kufanya hesabu hii anaweza kuwaokoa ndugu zake wote kwenye vikundi vya mikopo, na ningependa ifundishwe kabla ya kitu kingine chochote.

Matriki na upangaji wa rasilimali chache nitayapitia haraka, kwa sababu ni marefu kuliko yalivyo magumu. Matriki ni jedwali linaloruhusu kuzidishwa. Mchumi Wassily Leontief alilitumia kuonyesha jinsi sekta za uchumi zinavyolishana, akapata Nobel mwaka 1973. Upangaji ulianza na mwanahisabati wa Kisovieti Leonid Kantorovich, aliyechapisha kazi yake mwaka 1939 baada ya kuulizwa na watengenezaji wa plaiwudi wa Leningrad namna ya kugawa kazi kwenye mashine. Kwa fuso lako ni hivi: uzito una kikomo, nafasi ina kikomo, dagaa ni wepesi lakini wanajaza, mchele ni mzito lakini haujazi. Ubebe mchanganyiko gani? Jibu bora hupatikana kwenye kona ya mchoro, na mitihani mingi inakutaka uzijaribu kona tu.

Kuhusu namna ya kusoma, nina mambo mawili ninayoyasisitiza kuliko mazoezi ya kukariri. La kwanza ni kuandika kizio cha kila namba. Ile 25,000 ni shilingi kwa gunia. Derivativu ya samaki ni kilo kwa mtumbwi. Ukijumlisha shilingi na shilingi kwa gunia, kizio kitakukamata kabla ya msahihishaji. La pili ni kujaribu kwa namba ndogo kabla ya herufi, kama tulivyofanya kwa mitumbwi 10, 20 na 30. Atakayeanza na kanuni hataona kilele cha mlima, ataona tu jibu la 30.

Chukua basi karatasi urudi kwenye dagaa wa Dodoma. Safari hii bei haijatulia: ukipeleka magunia mengi, soko linajaa, na bei ni 200,000 toa 200 kwa kila gunia ulilopeleka. Gharama ya gunia ni 155,000, fuso ni 1,500,000. Mapato ya nyongeza ni 200,000 toa 400 mara idadi ya magunia. Yalinganishe na 155,000 na utapata 112.5. Magunia hayakatwi nusu, kwa hiyo jaribu 112, kisha 113: faida ni ileile, 1,031,200. Halafu pandisha kodi ya fuso hadi 2,000,000. Faida inashuka hadi 531,200, lakini idadi bora ya magunia haisogei hata kidogo. Andika sentensi mbili za Kiswahili, bila herufi wala fomula, zinazoeleza kwa nini.